Mkanda Unaolia Usipuuzwe

Si ajabu kusikia gari kuukuu la ofisi au la shule likipiga ukelele mkali kila asubuhi liwashwapo. Baadhi ya madereva huupaka mkanda wa feni sabuni au grisi, kelele ikatulia, nao wakaridhika. Hiyo si tiba. Ni kumnyamazisha mlalamikaji bila ya kusikiliza shauri lake.

Mkanda hulia kwa sababu unateleza kwenye puli: umelegea, umechakaa, au umerowa mafuta yanayovuja. Injini ikiwa imezimwa, na ubonyezwe kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu. Katika magari mengi ya zamani, ukibonyea zaidi ya sentimita 1.5 hivi, umelegea. Hapo hulegezwa bolti za alteneta, ikavutwa nje, kisha zikakazwa tena. Lakini si kupita kiasi, kwani beringi zitakufa. Mkanda wenye nyufa au uliorowa mafuta hauna budi kubadilishwa, na mvujo kuzibwa.

Mkanda huo ndio uzungushao pampu ya maji. Ukikatika safarini, injini huchemka na silinda hedi huweza kupinda. Kila aliyekabidhiwa gari la umma na akumbuke: usipoziba ufa, utajenga ukuta.