Kabla hujatuma kiti, muulize atakayekikalia

Wanangu mlioko Muscat, Dubai na Doha, salaam. Juzi kijana wetu mmoja wa huko alimletea mamake, ambaye ni dada yangu, kiti cha magurudumu. Kizuri, kinang'aa. Kilipofika Mji wa Kale, Mombasa, mlangoni hakikupita! Sasa kiko ukumbini kwa jirani, kinaanikiwa nguo, na dada yangu bado anabebwa kwa mikono kwenda hospitali.

Mimi nilifundisha historia, na jambo hili limenikumbusha viti vya mbao vya zamani. Mwaka 1595 Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, aliyeteswa na jongo, alikuwa na kiti chenye mgongo wa kulaza, pa kunyooshea miguu, na vigurudumu vidogo chini. Raha tupu. Lakini pasipo mtumishi wa kumsukuma, mfalme mzima hatoki chumbani.

Miaka sitini baadaye, 1655, mji wa Altdorf karibu na Nuremberg, Ujerumani, alikuwapo fundi saa kijana, Stephan Farffler. Miguu haikumbeba. Basi akachukua ujuzi wake wa saa, zile gurudumu za meno, akaziunga na gurudumu la mbele la kigari cha mbao, akatia mipini ya kuzungusha kwa mikono. Magurudumu matatu, na akaenda mwenyewe anakotaka.

Mngedhani dunia ingemfuata yeye. Wapi! Mwaka 1783 John Dawson wa mji wa Bath, Uingereza, alitoa kiti ambacho mgonjwa alishika usukani tu, nguvu ikawa ya msukumaji au ya punda, na hicho ndicho kilichouzwa sana. Naona sababu ni kuwa wenye fedha walikuwa na watumishi, na mnunuzi si lazima awe mkaaji.

Ndivyo tulivyofanya sisi. Hakuna aliyemuuliza dada neno, wala kupima mlango. Na mafundi tunao: pale KCMC, Moshi, kuna chuo kinachofundisha kazi hii hasa, kumpima mtu na kumtengenezea kiti chake.

Jana nilimuuliza. Anataka kiti chembamba, na anataka kufika dirishani bila kuita mtu. Mlango ni sentimita 61, nimeshamtumia mwanawe kwa simu.