Barua kutoka Galway: Sonara asiye na jina

Ndugu zangu wa Amu na Mombasa,

Picha mliyonitumia nimeiona: mafurungu ya nyanya juu ya mizani ya sonara, chini yake bei ya gramu na emoji ya kucheka. Eti ni fedha ya kizamani, nzito, haivaliki, bora iyeyushwe zitoke bangili nyembamba kama za Dubai. Nimekasirika, na hasira ya mtu aliye mbali haina pa kwenda ila kwenye karatasi.

Msiniambie kwamba wazee nao waliyeyusha riale za Maria Theresa. Wao waliyeyusha sarafu wakapata pambo. Nyinyi mnayeyusha pambo mpate gramu.

Hapa ninapoishi, Galway nchini Ayalandi, mto Corrib unapoingia baharini, palikuwa na kijiji cha wavuvi kiitwacho Claddagh, nyumba zake za kuezekwa kwa nyasi. Miaka ya 1930 kilibomolewa. Pete yake ikabaki: mikono miwili imeushika moyo, moyo umevikwa taji. Urafiki, mapenzi, uaminifu. Hata mtoto wa shule atakueleza. Ukiivaa mkono wa kulia, ncha ya moyo ikaelekea kucha, bado hujapata mtu. Ukiigeuza, umeshapatikana. Mkono wa kushoto ni wa ndoa. Mama humwachia bintiye. Sasa muulizeni binti yeyote hapo nyumbani majasi yalivaliwaje, na nani, siku gani. Atawaonyesha TikTok.

Lakini lililoniuma ni hadithi ya pete yenyewe. Wagalway husimulia kwamba kijana wao Richard Joyce alitekwa baharini na maharamia wa Algiers, akauzwa kwa sonara Mwislamu, akafundishwa kazi. Mwaka 1689 mfalme William III akadai raia wake waachiwe, Joyce akarudi kwao akafua pete. Wanahistoria wanaibishia, kwa kuwa pete za mikono iliyoshikana zilikuwepo tangu enzi za Warumi. Haidhuru. Tazameni nani ana jina. Joyce analo, na zipo pete kongwe zenye herufi za alama yake. Bwana wake aliyemtia ufundi mikononi hana hata herufi moja. Huyo ni wa kwetu, jamani. Ndiye aliyefua mafurungu ya nyanya.

Ninalotaka ni dogo: mhuri. Wasonara wa Dublin walipata hati ya mfalme mwaka 1637, na mpaka leo pambo la dhahabu au fedha hupelekwa kwenye ofisi yao ya upimaji kabla ya kuuzwa. Madini yanapimwa, kisha zinagongwa alama: ya mwenye kazi, ya kiwango cha madini, ya ofisi. Sisi tuanze na chache. Herufi za fundi, jina la mji, mwaka. Kando liwepo daftari la chama cha wasonara: hiki ni kipini, hili ni furungu, huvaliwa hivi, kimefuliwa na fulani bin fulani. Msinitajie serikali. Chuma cha kugongea hakihitaji waziri. Milango ya Amu mnaisifia kwa wageni tangu UNESCO ilipouingiza mji kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, ila fundi wa fedha aliyekaa nyuma ya milango hiyo hamna habari naye.

Wala sisemi Waayalandi ni malaika. Ile bruchi yao maarufu ya Tara iliokotwa mwaka 1850 huko Bettystown, pwani, si kwenye kilima cha Tara. Sonara George Waterhouse ndiye aliyeipa jina la kilima cha wafalme ili nakala zake zinunuliwe, na mwaka 1851 akaipeleka kwenye Maonyesho Makuu ya London. Na yale mafundo ya Kikelti yasiyo na mwanzo wala mwisho, wauzaji wanakuapia kuwa ni umilele, kana kwamba mtawa wa kale aliwaachia risiti. Ni wachuuzi kama sisi. Ila ni wachuuzi wenye daftari, na bruchi yenyewe iko kwenye Makumbusho ya Taifa, Dublin, haijaona moto wa kuyeyushia.

Najua mtakalosema: aliyeondoka asitufundishe. Nyanya alizikwa nami natazama kwenye simu. Pesa nilizotuma hazikutosha karo, ndiyo mafurungu yakapanda mizani. Hilo nalijua, msinirudie nalo.

Mjomba Athumani, wewe una duka na wenzako wanakusikiliza, shikamoo, basi uwe wa kwanza. Nitumie herufi zako mbili. Huku yuko mchonga mihuri, nitamlipa mimi. Daftari mnunue wenyewe.