Mwalimu wa Mpira Akiitwa na Klabu

Mwaka 2023, Kitayosce ilipopanda Ligi Kuu na kuitwa Tabora United, mwalimu wa michezo wa Urambo naye alikuwa na haki ya kujiuliza: mimi je? Ndugu huyu hufundisha jiografia asubuhi na kandanda jioni, pengine bila posho. Akiitwa na klabu yenye mshahara, asiitwe msaliti. Wapagazi wa Kinyamwezi nao walifuata ujira hadi pwani, tena walirudi na bidhaa. Lawama iiendee klabu inayomchukua mwalimu aliyekomazwa na michuano ya UMISSETA, ikaiachia shule mpira usio na mwenyewe. Klabu hiyo haina budi kumlipia karo mrithi wake katika Chuo cha Michezo Malya, kabla mwalimu hajafunga mizigo.