Mitambo Ikizimika, Mlaghai Huamka



Ijumaa tarehe 19 Julai 2024 kompyuta zipatazo milioni 8 na nusu ziligoma duniani kwa asubuhi moja, na safari hii si sisi tuliozigomesha. Wala hazikuvunjwa na mwizi. Ni kampuni ya ulinzi, CrowdStrike ya Marekani, iliyopeleka marekebisho yenye kasoro katika programu yake. Marekebisho hayo yaliondolewa baada ya dakika 78 tu, lakini mashine zilizokwisha kuanguka zilitaka kutengenezwa moja moja kwa mkono. Shirika la ndege la Delta peke yake lilivunja safari kama 7,000 kwa siku tano.

Sasa sikilizeni lililofuata. Walaghai walifungua anwani za intaneti zenye jina la kampuni hiyo, wakaandika barua pepe na kupiga simu wakijidai kuwa mafundi wake. Wengine walileta faili waliyoiita dawa ya kasoro, kumbe ndani yake mna programu ya kumpa mwizi usukani wa kompyuta.

Mfikirieni karani siku kama hiyo. Kioo mbele yake ni cha buluu, foleni ya wateja imefika barabarani, msimamizi anafoka. Sauti ya upole ikimwambia katika simu, "Nipe neno lako la siri nikusaidie," ni rahisi mno kushawishika. Twasema, usimpe! Fundi wa kweli haulizi neno la siri. Kata simu, umpigie fundi wa ofisi kwa nambari uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo katika ujumbe. Na M-Pesa ikikwama ni vivyo hivyo: nambari ya siri haiombwi na mtu.

Lakini hatukubali mzigo wote atwikwe karani. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mshahara kukatwa kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi. Kudanganywa si makusudi. Ila wenzetu waliokabidhiwa fedha kwa mkataba wajihadhari zaidi, maana wao waweza kukatwa pengo la fedha hata kwa uzembe.

Twataka kila mwajiri abandike ukutani nambari ya fundi kabla ya siku ya taabu, na mfanyi kazi anayekataa kutoa neno la siri kwa simu asiadhibiwe, hata kama aliyepiga ni meneja mwenyewe. Wawakilishi wa kila idara na walete majibu ya waajiri kwa katibu kabla ya mkutano ujao.