Tone Moja la Mafuta ya Cherehani

Wadau, leo siasa tuiweke kando kidogo. Nina jambo limenikaa moyoni, na linawahusu wote ambao siku hizi mmerudi kwenye kamera za filamu walizoziacha wazee kabatini.

Mjomba wangu alikuwa na studio ya picha Muheza. Alipoacha kazi alinirithisha kamera yake, Asahi Pentax Spotmatic, aina iliyotoka mwaka 1964, na lenzi yake ya Super-Takumar ya milimita 55. Kamera ilikuwa nzima, ila mita ya mwanga ilishakufa na ringi ya fokasi ilikuwa nzito, unaizungusha mpaka vidole vinauma. Mimi msomi wa chuo kikuu nikajiuliza: kitu kikikaza, dawa yake si mafuta? Nikachukua mafuta ya cherehani ya mama, nikadondosha tone moja kwenye upenyo wa ringi. Ikateleza! Nikaongeza la pili. Siku hiyo nilijiona fundi kamili.

Miezi mitatu baadaye ukoo mzima ulikusanyika Muheza kwa bibi. Jua lilikuwa la utosini. Nikaweka tundu la mwanga kwenye f/16, kama mjomba alivyonifundisha kufanya juani, nikamaliza mkanda mzima wa picha 36. Uliposafishwa, nyuso zote zilikuwa nyeupe kama karatasi. Bibi alifariki mwaka uliofuata. Hatukupata tena siku ya kumkalisha katikati ya wajukuu wake wote.

Mjomba aliichungulia ile lenzi, akanyamaza, kisha akauliza: "Mjomba, ulitia mafuta gani humu?"

Kilichotokea ni hiki. Ringi ya fokasi huzunguka juu ya hesi, kama za mfuniko wa chupa, ila hizi ni pana na hukatwa kwa ustadi mkubwa. Kiwandani hupakwa grisi nzito makusudi, ili ringi iende taratibu na isimame pale unapoiacha. Miaka inavyopita, mafuta yaliyomo kwenye grisi hujitenga na kupotea, yanabaki masalia yanayonata. Ndiyo maana ringi inakaza.

Ukitia mafuta mepesi, yanayeyusha masalia hayo na kusafiri nayo. Kwetu pwani, joto lote hili, yatabaki pale ulipoyaweka? Yaliingia mpaka kwenye vile vibati vyembamba vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga. Kwenye lenzi kama hii, vibati hukaa wazi unapotazama, vinajifunga pale tu unapobonyeza. Vyangu viligandana kwa mafuta, vikabaki wazi kwenye f/1.8. Piga hesabu: filamu ilipata mwanga karibu mara 80 ya nilioukusudia. Na kwa kuwa jichoni kila kitu kilionekana sawa, sikushtuka.

Sasa hoja yangu. Ni heri lenzi nzito kuliko lenzi iliyotiwa mafuta. Lenzi nzito inakuchosha vidole tu, picha unapata. Najua kuna atakayesema, "Mbona mimi nilitia na inafanya kazi?" Hata yangu ilifanya kazi, miezi mitatu.

Tena tuache kuwabana mafundi kwa bei. Tunasema, "Grisi yenyewe ya ncha ya kidole, mbona ghali hivyo?" Jamani, hulipii grisi. Unalipia kufunguliwa kwa lenzi bila kuchubuliwa, na kusafishwa kwa hesi mpaka masalia yote yatoke. Unalipia pia alama moja ndogo. Hesi hizi zina milango kadhaa ya kuingilia, na unaporudisha zinaweza kuingia vizuri tu kwenye mlango usio wake. Ukikosea, vitu vya mbali havikai kwenye fokasi. Kwa hiyo fundi makini huweka alama pale hasa hesi zinapoachana. Grisi ni kazi ya mwisho, tena utando mwembamba tu. Fundi asiyekuuliza habari ya kusafisha, akakimbilia kopo la kupulizia, mshukuru na uondoke na lenzi yako.

Tuliifungua yetu sebuleni kwa mjomba. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, hivyo nilishika bisibisi mimi, yeye akawa anaelekeza. Tulitumia mswaki mkuukuu, spiriti na vitambaa, tukasafisha hesi, kisha vibati, tukasubiri vikauke kabisa. Jioni nzima iliisha kabla hatujafungua kopo la grisi. Nilipoharakisha alinizuia mkono. Leo ringi inazunguka taratibu na vibati vinajifunga papo hapo.

Ila ile picha ya bibi na wajukuu haipo. Nimebaki na mkanda wenyewe, nimeuweka kwenye bahasha, na kila nikishawishika kufanya kazi ya haraka haraka huwa naitazama ile bahasha.

Kwa hiyo, wadau, kama una lenzi ya baba au babu inayokaza, usiiguse na mafuta ya cherehani, ya kupikia wala ya nywele. Iache ilivyo mpaka upate mtu mwenye subira. Au mnasemaje? Nipo tayari kukosolewa.