Methali Inayotulaza

Kila unapofika uchaguzi wa Marekani, wanafunzi wenzangu wa Kiswahili hapa Uganda hukimbilia methali moja: wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Nimeisikia katika midahalo, nimeisoma katika insha, na walimu wetu huipa alama nzuri. Mimi naipinga. Si kwamba ni ya uongo. Naipinga kwa sababu mwandishi akishaitaja huona kazi yake imekwisha. Nani aligombana na nani, kwa kura ngapi, katika kamati gani? Nyasi haziulizi maswali hayo. Sisi tuna midomo.

Tuchukue uchaguzi wa katikati ya muhula wa Novemba 8, 2022. Sisi tumezoea kuchagua rais na bunge kwa pamoja kila miaka mitano, kwa hiyo utaratibu wao hutuchanganya kidogo. Rais wa Marekani huchaguliwa kwa miaka 4, lakini wajumbe wote 435 wa Baraza la Wawakilishi hurudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka 2, pamoja na karibu theluthi moja ya maseneta 100. Rais akiwa nusu ya safari anaweza kunyang'anywa bunge, na mara nyingi hutokea hivyo. Mwaka 2010 chama cha Obama kilipoteza viti 63 vya Baraza. Mwaka 2018 chama cha Trump kilipoteza karibu 40.

Mwaka 2022 wengi walitabiri kwamba zamu ya Biden ingekuwa mbaya vilevile, kwa kuwa bei za bidhaa zilikuwa zimepanda kwa kasi ambayo Wamarekani hawakuiona kwa miaka 40. Wimbi lile halikuja. Warepublican walipata viti 222 dhidi ya 213, na Wademokrat, pamoja na maseneta huru wanaoungana nao, wakabaki na Seneti kwa 51 dhidi ya 49. Insha nyingi nilizosoma ziliishia hapo: hawa wameshinda kidogo, wale wameponea chupuchupu, hakuna kilichobadilika.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu. Ushindi wa 222 huleta kiti cha Spika na uenyekiti wa kila kamati, sawasawa na ambavyo ushindi wa 300 ungeleta. Na ushindi mwembamba una jambo lake la ziada: chama hakiwezi kuwapuuza hata watu watano wa kwake walionuna. Kevin McCarthy alipigiwa kura raundi 15 mnamo Januari 2023 kabla ya kupata uspika. Oktoba 3 mwaka huohuo aliondolewa kwa kura 216 dhidi ya 210, baada ya Warepublican wanane kuungana na wapinzani wao. Watu wanane tu, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 330.

"Sasa sisi inatuhusu nini?" Naijibu kwa neno moja: PEPFAR. Mpango huo wa kupambana na Ukimwi ulianzishwa mwaka 2003 chini ya George W. Bush, Mrepublican, na sheria yake iliongezwa muda mwaka 2008, 2013 na 2018 bila ugomvi mkubwa, kwa sababu vyama vyote viwili viliuunga mkono. Mwaka 2018 aliyekuwa mstari wa mbele kuuongezea muda ni mbunge Chris Smith wa New Jersey. Baada ya uchaguzi wa 2022 chama chake kilishika Baraza, naye akawa mwenyekiti wa kamati ndogo inayoshughulikia afya ya dunia. Safari hii alisimama upande wa pili, akidai kwamba fedha za mpango zinawafikia wanaounga mkono utoaji mimba. Wasimamizi wa mpango walikana, na sheria ya Marekani tangu 1973 inakataza fedha za misaada kulipia utoaji mimba. Hata hivyo, Septemba 30, 2023 ilipita bila sheria kuongezwa. Ilipoongezwa, Machi 2024, ilipewa mwaka mmoja badala ya mitano.

Nitaambiwa kwamba dawa hazikukatika siku ile. Kweli, fedha ziliendelea kupitia bajeti. Kilichopotea ni uhakika. Shangazi yangu humeza dawa zake kila siku saa tatu usiku, redio ya jirani inapoanza taarifa ya habari. Dawa hiyo ni ya maisha yote. Mtu anayemeza dawa ya maisha yote, halafu mwaka 2024 mpango unaoileta ukaongezwa muda kwa mwaka mmoja tu kama kibali cha kibanda cha sokoni, ana haki ya kujua ni kamati gani iliyokwama na kwa nini. Nchini Uganda watu zaidi ya milioni moja wanaishi na virusi vya Ukimwi. Kuwaita wote hao nyasi ni kuwanyima hata swali.

Wapo pia wanaosema fedha ni za Wamarekani, waache wafanye wapendavyo. Hoja hii naiheshimu kuliko ile ya tembo, maana angalau inamtaja mwenye fedha. Lakini wanaoitoa huisimamisha nusu ya njia. Ikiwa fedha ni zao, basi zetu ziko wapi? Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Sisi bado tuko chini sana ya hapo. Bunge letu halina uchaguzi wa katikati ya muhula, ila lina kamati ya afya, lina wenyeviti, na kila Juni husomewa bajeti yenye tarakimu ambazo mwanafunzi yeyote anaweza kuzijumlisha.

Insha ya namna hiyo sijaisoma bado miongoni mwetu. Ningefurahi mwaka huu mmoja wetu aiandike, na walimu wakiisahihisha watafute kwanza tarakimu, methali waiache mwisho.