Kugawanya si Kukariri

Tangu elimu bila ya malipo itangazwe hapa Zanzibar mwaka 1964, mtoto wa mkulima na wa mvuvi huketi darasa moja. Lakini kuketi darasani si kujua. Wapo wanafunzi waimbao kuwa 17 kugawanya kwa 5 ni 3, baki 2. Wape maembe 17 wawagawie wenzao watano, wataduwaa. Tunawanasihi walimu waanze na kokwa na vijiti, ndipo waende ubaoni. Na wakuu wa elimu wasiwaharakishe kumaliza mtaala. Asiyejua kugawanya hupunjwa fungu lake la samaki au la mirathi, naye asitambue. Haki ya mnyonge huanzia katika hesabu.